Mushipa wa kisigino: siku zinapotea wapi kati ya kijiji na hospitali?

Mutu akianguka kwenye kiwanja cha mupira bila kuguswa, watu wanacheka kwanza. Mimi pia walinicheka. Ilikuwa mechi ya kirafiki, siku ya yenga mangaribi hapa Baraka, sisi wenye miaka thelathini na kitu tunacheza na vijana. Nilikanyaga kwa nguvu ili nikimbilie mupira, nikasikia kama mutu amenipiga teke nyuma ya muguu. Niligeuka ili nimutukane. Hakukuwa mutu.

Kwenye kituo cha kwanza nilienda, ambacho sitataja, waliniambia nimeteguka. Nilipewa dawa ya maumivu, wakanifunga bande, wakaniambia nipumuzike siku tano. Nyumbani wakanikanda na maji ya moto na chumvi, kila asubui na kila mangaribi. Zilipita wiki tano mbele munganga mumoja aniambie nilale kifudifudi, kisha akabana nyama ya nyuma ya muguu wangu. Muguu haukutikisika. Ile kazi yote ilimukamata sekunde kumi. Leo natembea, asante Mungu, lakini ngazi ninapanda na muguu mumoja mbele, na mupira nautazama tu.

Ndugu musikilizaji, ndugu musomaji, siandiki hii juu ya kujililia. Naiandika kwa sababu, tangu siku ile, kila nikitembea na mikro yangu nakutana na wenzangu: motari mwenye hawezi tena kukanyaga gia vizuri, muvuvi mwenye hawezi kusukuma mutumbwi, mama mwenye bati ilimukata kisigino na sasa hafike tena shambani kwenye mulima. Hadithi zao zinatofautiana mwanzo, lakini katikati zinafanana: siku zilipotea. Leo tujaribu kuhesabu zile siku, tuone zilipotea wapi na nani anaweza kuzirudisha.

Mushipa gani tunazungumuzia

Nyuma ya muguu, juu ya kisigino, gusa na vidole viwili. Utasikia kitu kigumu kama kamba iliyokazwa. Wanganga wanaita mushipa wa Achille. Katika vitabu vya Kiswahili wanaandika "kano". Ndiyo kano yenye nguvu kupita zote katika mwili. Inashikanisha nyama kubwa ya shavu la muguu na mufupa wa kisigino. Ukisimama kwa vidole ili uchume embe, ukipanda mulima, ukiruka mufereji, ni ile kamba inakuinua.

Inakatika namna mbili. Ya kwanza ni ya ndani, bila kidonda: mutu anaruka ao anaanza mbio gafula, kamba inaachia. Inakamata sana wanaume wa kati ya miaka 30 na 50, wale wenye kucheza mara moja moja kisha wiki nzima ya kukaa. Ya pili ni ya kukatwa: panga, jembe, bati, chupa, ao spoki za moto na za kinga. Watoto wenye kubebwa nyuma ya kinga na moto, miguu yao ikining'inia karibu na gurudumu, wako katika hatari hiyo kila siku. Sisi wote tunawaona barabarani.

Siku za kwanza zinapotea katika neno moja

Katika Kiswahili chetu tunasema "mushipa" kwa vitu vitatu. Mushipa wa damu, mushipa wa fahamu, na mushipa wa kuvuta mufupa. Mutu akisema "mushipa umenivuta", jirani anasikia kwamba ni kitu cha kukandwa. Na ndiyo tunafanya: maji ya moto, mafuta, majani, muzee anayejua kuunga mifupa anaitwa. Wazee wetu wako na ujuzi wao, na siko hapa kuwadharau. Lakini mushipa uliokatika kabisa hauungwi kwa kukandwa. Ncha mbili ziko mbali moja na ingine. Kila ukivuta na kusugua, unazitenganisha zaidi.

Shida ingine ni kwamba mugonjwa anatembea. Mufupa ukivunjika, mutu anabebwa na kila mutu anaelewa. Mushipa wa kisigino ukikatika, kisha siku mbili tatu maumivu inapunguka, mutu anachechemea mpaka sokoni. Anaweza hata kushusha vidole vya muguu chini kidogo, kwa sababu mishipa ingine midogo bado inafanya kazi. Anajiambia: kama natembea, basi si kitu. Kumbe akiambiwa asimame kwa vidole vya muguu ule mumoja tu, hataweza.

Siku zingine zinapotea kituoni

Hapa tusipake muuguzi wa kijiji matope. Hata katika nchi zenye mali, wanganga wanajua kwamba karibu mugonjwa mumoja juu ya watano wa aina hii anakosewa mara ya kwanza. Wanamuambia ameteguka. Muguu umevimba, uvimbe unajaza ile fasi tupu, na munganga hasikii pengo na kidole.

Kisha inakuja picha. Mugonjwa anauza kuku, anakopa, analipa picha ya mifupa. Picha inatoka safi: mufupa haukuvunjika. Nyumba nzima inafurahi. Lakini ile picha inaonyesha mifupa, haionyeshi mushipa namna hiyo. Feza imelipwa, na jibu si la swali lililokuwepo. Ekografi, ile mashine ya kutazamia wajawazito, inaweza kuonyesha mushipa kama anayeishika amefundishwa. Lakini hata hiyo si ya lazima kwa wagonjwa wengi.

Kinachotosha ni mikono. Kuna kipimo kilichoandikwa na munganga Simmonds, Muingereza, katika 1957, na tena na munganga Thompson katika 1962. Mugonjwa analala kifudifudi, miguu ikitoka inje ya kitanda. Unabana shavu la muguu muzima: vidole vinashuka chini vyenyewe. Unabana shavu la muguu wenye shida: kama haushuki, mushipa umekatika. Hakuna umeme, hakuna mafuta ya jenereta, hakuna karatasi. Kipimo kinaweza kufanyika Lulimba, Mboko, Misisi ao kwenye kambi ya Lusenda, chini ya muti. Ukikubali kipimo hicho, ukaongeza kutafuta pengo na kidole, na ukaangalia muguu gani umelegea mugonjwa akikunja magoti akiwa kifudifudi, ni vigumu sana kukosea.

Basi kwa nini kipimo hakifanyike? Kwa sababu hakuna mutu anakiuliza. Muuguzi mukubwa wa kituo, yule tunamuita IT, anatoa ripoti juu ya malaria, kolera, surua, uzazi, utapiamulo. Hakuna mustari wa kisigino. Na kitu chenye hakiandikwe hakifundishwe, na chenye hakifundishwe hakitafutwe.

Barabara, feza na vita

Sasa tuseme IT amejua. Anaandika karatasi ya kumutuma mugonjwa hospitali kubwa ya Baraka. Toka Fizi-kati ni kilomita zaidi ya 30. Toka upande wa Kimbi na Misisi ni mbali sana, na mvua ikinyesha, barabara inakuwa mutoni. Moto inataka feza. Kwenye barabara kuna vizuizi, na kila kizuizi kiko na mukono wake. Mugonjwa anafikiri: nitalipa moto, nitalipa kitanda, mulinzi wangu atakula nini? Anaamua kungoja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi, kwa mushipa huu, ni kuchelewa.

Tukumbuke pia namna mambo ilibadilika. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walianza kazi Baraka katika 2003, na matibabu yao ni bure. Wakati ule mutu hakuogopa mulango wa hospitali. Mwisho wa 2020, kisha wafanyakazi wao kushambuliwa, waliondoa sehemu kubwa ya kazi yao katika Fizi. Risasi zilizopigwa siku zile hazikuumiza tu walioguswa. Ziliumiza kila mutu aliyesema kisha pale: "Nitaenda nikipata feza."

Kwa upasuaji mugumu, zamani tulitazama Bukavu. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, na kusafiri kutoka huku kwetu kwenda kule si jambo la kupanga kama zamani. Barabara ya Uvira yenyewe, kilomita karibu 90, inafunguka na kufungika kufuatana na vita. Wengine wanatazama ziwani: Kigoma, upande wa Tanzania, iko na hospitali ya mkoa ya Maweni. Lakini boti, karatasi za kuvuka, dola za kulipia huko, ni wangapi watazipata?

Kwa hiyo mutu anaweza kusema: basi hakuna cha kufanya, tungoje amani. Hapa ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu sayansi imeleta habari njema yenye inatuhusu sisi zaidi kuliko matajiri.

Plata inatosha, kama inakuja mapema

Zamani wengi waliamini kwamba mushipa wa Achille lazima upasuliwe na kushonwa. Katika 2010 David Beckham aliumia Italia tarehe 14 Machi. Kesho yake alikuwa amekwisha pasuliwa huko Finland. Christian Benteke, mwenye alizaliwa Kinshasa, mushipa wake ulikatika Aprili 2014 akichezea Aston Villa ya Uingereza. Alikosa Kombe la Dunia la Brazili na Ubelgiji, akarudi kiwanjani Oktoba mwaka ule ule. Tunaona wale, tunasema: ni mambo ya wenye feza.

Lakini angalia hii. Katika 2022 wanganga wa Norvege walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 526. Wengine walipasuliwa, wengine walifungwa tu bila kisu. Kisha mwaka mumoja, miguu yao ilifanya kazi karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa hii: kwa wale wasiopasuliwa, mushipa ulikatika tena kwa watu karibu 6 juu ya 100, kwa waliopasuliwa, haikufika mumoja juu ya 100. Lakini waliopasuliwa walipata zaidi shida ya mishipa ya fahamu. Na katika 2020, Waingereza walilinganisha wagonjwa 540: wengine walifungwa plata ya kawaida, wengine walivaa kiatu cha kisasa chenye kuinua kisigino. Kisha miezi tisa, hakuna tofauti kubwa.

Maana yake kwetu ni nini? Maana yake: ile plata nyeupe yenye iko hapa Baraka inaweza kufanya kazi karibu sawa na kiatu cha bei kali cha Ulaya. Lakini kuna masharti mawili, na yote mawili yanahusu kuharakisha na kujua.

La kwanza, ifungwe mapema. Siku za kwanza ncha mbili za mushipa bado zinaweza kukutana. Vizuri iwe siku hizo hizo, na isipite wiki mbili. Kisha wiki nne ao sita, pengo limejaa nyama ya kovu, shavu la muguu limejivuta juu, na plata peke yake haisaidie tena. Hapo inabaki upasuaji mukubwa, pengine wa kuhamisha mushipa mwingine ili ufanye kazi ya ule uliokufa. Ni upasuaji wa Bukavu, wa Kigoma, wa Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, kuchelewa kunageuza ugonjwa wa plata kuwa ugonjwa wa ndege.

La pili, ifungwe namna inafaa. Muguu uliovunjika kifundo unafungwa ukiwa umesimama wima. Muguu wenye mushipa uliokatika unafungwa vidole vikiangalia chini, kama vya mutu anayechungulia juu ya ukuta, ili ncha zikaribiane. Kisha wiki kama mbili unaanza kuuinua polepole, mpaka wiki ya nane hivi, halafu mazoezi kwa miezi. Plata ya wima inaacha pengo wazi, na mugonjwa anakaa miezi miwili bure. Na mugonjwa ajue: akiwa na plata, akisikia shavu la muguu linauma na kuvimba zaidi, ao pumuzi inakuwa fupi, arudi hospitali siku ile ile. Damu inaweza kuganda ndani ya muguu, na hiyo inaua.

Kidonda cha panga na cha spoki

Kwa wale waliokatwa, hesabu ni ingine. Hapa kisu kinahitajika, lakini si cha mbali sikuzote. Hatari kubwa ni kushona ngozi na kusahau mushipa. Kidonda kinapona vizuri juu, mugonjwa anaenda nyumbani, na kisha mwezi anaona hawezi kusukuma muguu. Kila kidonda nyuma ya kisigino, hata kidogo, kinaomba vitu vinne: kuoshwa na maji mengi safi, shindano ya tetanosi, kile kipimo cha kubana shavu la muguu, na kufunga muguu na kipande cha ubao ao karatoni ngumu, vidole chini, mbele ya safari. Munganga wa hospitali anayefanya upasuaji wa kuzalisha anaweza kushona mushipa uliokatwa na panga kama kidonda ni kipya na safi. Kikikaa siku tano kikaoza, inakuwa vita vya kuokoa muguu muzima.

Neno juu ya dawa za kujinunulia

Kuna dawa inaitwa ciprofloxacin, hapa tunasema "sipro". Inauzwa bila karatasi ya munganga, wengi wanaimeza wakisikia tumbo ao wakiambiwa wako na tifoide. Ni dawa nzuri kwa fasi yake. Lakini tangu 2008 serikali ya Marekani imelazimisha watengenezaji waandike onyo kali kwenye karatasi yake: inaweza kuregeza mishipa, sana ule wa kisigino, mpaka ukatike. Hatari inapanda kwa watu wa zaidi ya miaka 60, na kwa wale wanaochanganya na dawa kama prednisolone ao dexamethasone. Na tunajua kwamba dexamethasone wengine wanaimeza ili wanenepe tu. Ukiwa unatumia sipro na kisigino kinaanza kuuma, usikimbie, usicheze mupira, rudi kwa aliyekupa dawa umuambie.

Nani afanye nini?

Najua mutu atauliza: katika fasi yenye kolera, yenye mama wanakufa wakizaa, yenye risasi, kwa nini tupoteze wakati juu ya kisigino? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hatuombi chumba kipya cha upasuaji, wala hatuombi mama anayezaa aache kitanda. Tunaomba sekunde kumi na plata. Na mutu huyu haponi peke yake: motari akikaa nyumbani mwaka muzima, watoto wanatolewa masomoni. Huku kwetu, muguu ndio mutaji.

Kwa hiyo, kwa ofisi za zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge: mukifanya mukutano wa kila mwezi na ma-IT, chukueni nusu saa, mumoja alale juu ya meza, wote wabane shavu la muguu. Karatasi moja ukutani inatosha kukumbusha. Na kwenye karatasi ya kutumwa iandikwe wazi "mushipa wa kisigino, haraka", ili mugonjwa asingoje nyuma ya laini ya watu wote.

Kwa hospitali: wenye kufunga plata wajue namna ya vidole chini. Na juu ya malipo, mukubali mugonjwa afungwe kwanza, alipe polepole. Bei ya plata ya leo ni ndogo kuliko bei ya deni lenye halitalipwa kamwe na mutu asiyetembea.

Kwa CODESA na marelais wa vijiji: munaenda nyumba kwa nyumba juu ya chandarua na chanjo. Ongezeni sentensi moja: aliyesikia teke nyuma ya muguu bila kupigwa, asikandwe, aende kituo leo.

Kwa vyama vya wamotari: gurudumu la nyuma liwe na kizuizi, na mutoto asikae miguu ikining'inia.

Kwa wenye timu na makocha: mukiona muchezaji anaanguka peke yake na kuangalia nyuma, musicheke. Mumulaze kifudifudi, mubane shavu la muguu. Kama haushuki, musimuvute, musimukande. Mufunge muguu vidole chini, mutafute moto, na muchange feza pale pale kiwanjani, mbele watu waende nyumbani. Siku ya yenga watu wako wengi na wako na huruma. Siku ya tatu kila mutu yuko na mambo yake.

Mimi wiki zangu tano hazitarudi. Lakini mechi ya yenga inayokuja itachezwa, na mutu mwingine atageuka nyuma kutafuta aliyemupiga teke. Kama wewe uliyesoma hii uko pembeni ya kiwanja, sasa unajua cha kufanya.